Banda lilipita ukaguzi, nguruwe wakaanza kuanguka

Nataka kueleza kisa kimoja tu, kwa kirefu, sababu watu wananiuliza sana vile mfugaji wa nguruwe anaweza kutimiza masharti ya ustawi wa wanyama bila kufilisika, na mimi huwa najibu haraka haraka kwa simu nikiwa juu ya pikipiki, alafu usiku nikilala naona jibu langu lilikuwa nusu. Kisa hiki nilikuwa ndani yake na sehemu ya makosa ni yangu mwenyewe, kwa hivo msinisome kama mwalimu. Nina diploma ya mifugo, nazunguka vijijini huku mashariki ya Uganda karibu na mpaka wa Kenya, ambako Kiswahili ndo kinatuunganisha sokoni maana kwa kijiji kimoja unakuta Msamia, Mteso, Mjopadhola na mtu wa ng'ambo ya mpaka wote wanauza nyanya pamoja.

Mwenye nguruwe nitamwita Nalongo, ndivo kila mtu anamwita tangu azae mapacha, na inatosha.

Katikati ya Novemba Nalongo alipata barua kutoka ofisi ya serikali ya kwao. Ukurasa mmoja, muhuri wa bluu. Majirani walikuwa wamelalamika juu ya harufu, na juu ya jike mmoja aliyefungwa kando ya njia ya watoto wa shule huku mguu umeoza. Barua ikasema asifunge tena nguruwe kwa kamba, ajenge banda lenye sakafu ngumu na paa, na baada ya siku 30 watakuja kukagua, wakikuta bado mifugo itaondolewa. Akanipigia saa hiyo hiyo, na huku mtu wa dawa kama mimi tunaitwa musawo, yaani daktari.

"Musawo, hawa watu wanataka kunirudisha sifuri. Pesa ya PDM yote iko kwa hizi nguruwe."

Ni kweli, ile shilingi milioni moja ya PDM, mpango wa serikali wa kuinua kaya za parishi, aliiweka yote kwa majike matatu, na hiyo ilikuwa mara yake ya pili kuanza. Mara ya kwanza musujja ulipita, homa ya nguruwe ya Afrika, ukafagia zizi zima kwa siku nane. Anayefuga nguruwe Uganda anajua huo ugonjwa hauna dawa wala chanjo tunayotumia hapa, ukiingia unabaki kuhesabu mizoga tu. Ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza hapo Kenya kwa jirani, mwaka 1921, na miaka mia na zaidi baadaye bado unatutoa jasho. Nalitaja hili mapema kwa sababu hofu ya musujja itarudi katikati ya kisa na karibu ituharibie kila kitu.

Nilienda kesho yake asubuhi. Nguruwe walikuwa 19: majike 3, dume 1, na wanaokua 15. Wote wako kwenye kamba, wengine shingoni, wengine mguuni, wamesambaa chini ya mfenesi na kuteremka hadi ukingo wa kinamasi. Yule jike wa malalamiko alikuwa na kamba ya nailoni, ile inayofumuliwa kwa magunia, mguu wa nyuma wa kushoto. Ukiangalia kwa mbali unaona kama mguu hauna kamba. Ukiinama ndo unaona kamba imeingia ndani, ngozi imeota juu yake ikaifunika, na pale fundo lilipobaki nje funza wanatembea. Tulimlaza watu wanne, nikalainisha na maji ya vuguvugu yenye chumvi, nikakata uzi mmoja mmoja na mkasi, ilichukua karibu saa nzima na kelele zake mpaka watu wa shule walitoka madarasani. Nalongo alikuwa ameshika kichwa cha nguruwe anasema "bambi, bambi, nisamehe." Alidhani ile kamba iko sawa sababu jike alikuwa anakula. Nguruwe atakula hata akiwa na maumivu makubwa, hicho si kipimo.

Kwa hivo barua ilikuwa na haki. Nasema hivi wazi maana nikifika mwisho kuna mtu atadhani natetea kamba. Uganda tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama tangu 1957, ya enzi za Mwingereza, na inakataza kumpiga mnyama, kumtesa, kumbebesha kupita kiasi, kumsafirisha kwa namna inayomuumiza bila sababu. Jike yule angeweza kumpeleka Nalongo kortini. Shida ya sheria hiyo ni kwamba ni ya jumla, haikuambii nguruwe wa kilo 60 anahitaji nafasi kiasi gani wala lita ngapi za maji. Afisa anayekuja kijijini inabidi ageuze maneno hayo ya jumla kuwa kitu anachoweza kuona na kupima na futi yake, na kitu rahisi kupima ni banda. Ukuta unaonekana, na kiu haipimwi kwa futi.

Na mimi nikaingia mtego huo huo. Nikachora banda.

Nilijivunia hilo banda, acha niseme ukweli. Nilichukua vipimo vya Ulaya, maana angalau kule wameandika namba: nguruwe wa kilo 85 mpaka 110 anapaswa kuwa na angalau mita za mraba 0.65. Sio sheria yetu lakini ni fimbo ya kupimia. Chumba cha wanaokua nikakipa mita 3 kwa 4, yaani mita za mraba 12, na Nalongo alikuwa ameuza wanne kununua simenti wakabaki 11, kwa hivo kila mmoja alipata zaidi ya mita nzima. Nikasema huyu hata akaguliwe na mtu wa Brussels atapita. Majike kila mmoja chumba chake cha mita 2.5 kwa 2.5, dume pembeni. Sakafu ya zege yenye mteremko, mabati juu, mfereji wa mkojo nyuma. Iligharimu shilingi 1,900,000 pamoja na mkopo wa sacco.

Hapo kati shemeji yake, fundi wa kuchomelea, alileta video kwenye simu, majike yamesimama kwa vyuma vyembamba mstari mrefu, hawawezi hata kugeuka, akasema "hii ndo ya kisasa, nitakuchomelea kwa bei ya familia." Nikamwambia hiyo kisasa yako Uingereza waliipiga marufuku 1999, na Umoja wa Ulaya tangu 2013 hauruhusu jike mwenye mimba afungiwe hivo isipokuwa wiki nne za kwanza na wiki ya mwisho kabla ya kuzaa. Kule wanatoa, sisi tunataka kuingiza. Akanuna kidogo, tukaendelea.

Tarehe 2 Januari tukawahamisha wote. Tarehe 4 jike mmoja akazaa, watoto 9. Tarehe 5 afisa akaja, akapima kwa futi, akatazama paa, akauliza kamba ziko wapi akaonyeshwa zimechomwa, akapiga picha, akasaini. Nalongo alimpikia chai na karanga. Ile karatasi aliitia kwenye plastiki akaitundika ukutani karibu na kalenda ya kanisa, mimi nikaenda nyumbani nimeridhika kabisa.

Sasa sikiliza vizuri hapa.

Wiki mbili baadaye, Jumapili jioni, simu. Sio Nalongo, ni shemeji, anapiga kelele kwamba musujja umerudi, nguruwe wawili wamekufa na wengine wanarusha miguu, na yeye ameshaongea na mchinjaji wa jointi ya poki, pale wanapochoma nyama ya nguruwe kule senta, anakuja na pikipiki kuchukua waliobaki "kabla havijaharibika." Nikamwambia usimguse hata mmoja, usitoe hata mmoja, niko njiani.

Nilipofika nilikuta nusu ya kijiji kwa uwanja. Nikawazuia mlangoni, nikamwaga jiki ya kuua vijidudu kwa beseni tukanyage wote, alafu nikaingia peke yangu. Mmoja alikuwa amesukuma paji la uso kwenye kona ya ukuta amesimama hivo tu, kama mtu aliyeadhibiwa shuleni. Mwingine alikuwa ameketi kama mbwa. Pua yake ikaanza kupanda, polepole, inapanda, inapanda, kama anatafuta kitu kwa mabati, mpaka shingo ikajikunja nyuma na akaanguka chali, miguu ikapiga makasia hewani, povu mdomoni. Baada ya dakika moja akanyamaza. Akainuka. Akatembea, akagonga hori kama hakuliona. Dakika chache baadaye pua ikaanza kupanda tena.

Nikatoa kipima joto. 39.2. Mwingine 39.0. Wa tatu aliyetoka kurusha miguu 39.6. Masikio yana rangi yake ya kawaida, tumbo halina mabaka, hakuna damu popote. Musujja wa kweli ungenipa 41 na zaidi, na majike nao wangelala hawali, lakini majike walikuwa wamesimama wanapiga kelele ya chakula. Au ndivo nilivodhani, kelele ya chakula.

Nikauliza, "Wamekunywa nini leo?"

Kimya. Nalongo mwenyewe ndo alikuwa ameteremka kwa taksi kutoka mazishini Tororo, amekaa huko tangu Alhamisi, bado ana khanga ya msiba. Mmoja wa mapacha, mwenye miaka 12, akasema kwa sauti ndogo, "Pampu ilikufa Alhamisi. Tulichota kwa kisima cha mbali, maji ya nyumba tu."

Nikapiga tochi ndani ya hori. Pumba kavu, na ukingoni duara jeupe. Nikalowesha kidole nikaonja. Chumvi.

"Nalongo, unaweka kiasi gani?"

"Viganja viwili kwa beseni, dokta, ndo wanapenda. Siku zote naweka."

Na alikuwa anasema kweli, siku zote aliweka, na siku zote haikumdhuru nguruwe hata mmoja. Chumvi peke yake haiui hivo. Nguruwe akiwa na maji anaikojoa anaendelea na maisha yake. Maji yakikatika siku moja na nusu, siku mbili, hata chumvi ya kawaida ya kwenye chakula inapanda kwa damu, inaingia kwa ubongo, na unapata kile nilichokiona. Ni moja ya magonjwa machache ya nguruwe ambayo jina lake halisi lingefaa kuwa "kiu."

Wakati naeleza haya nikasikia kishindo nyuma yangu, pacha wa pili ameleta jerikeni mbili za maji kwa jirani anataka kumimina zote kwa hori. Niliruka. Hapo ndipo wengi wanaua nguruwe mara ya pili kwa huruma. Ubongo uliojaa chumvi ukipata maji mengi kwa mkupuo unayavuta kama sponji, unavimba, na fuvu haliwezi kutanuka. Maji yanatakiwa yaende kidogo kidogo: kwa nguruwe wa kilo 40 ni kama mililita 200 kwa saa, yaani kikombe kimoja cha chai. Tukagawana vikombe. Tulikaa usiku ule wote na tochi ya simu, mapacha, Nalongo na msiba wake, mimi, na shemeji pia, kila saa kila nguruwe kikombe kimoja, na ukimpa kikombe kimoja mnyama mwenye kiu ya siku tatu anakuangalia kwa namna ambayo sitaki kuielezea.

Mchinjaji alikuja kweli, saa nne usiku, na kamba za mpira tayari. Ilibidi Chairman wa LC1, kiongozi wa kijiji, aje amrudishe. Shemeji alinikasirikia sana: "Musawo wewe umesema si musujja, sasa kwa nini usiache tuuze?" Swali zuri. Nikamjibu nimesema nadhani si musujja, na sheria ya magonjwa ya mifugo inasema ukishuku unaripoti, haisemi uwe na uhakika kwanza. Nimeshampigia daktari wa mifugo wa wilaya. Kama nimekosea, hizo pikipiki zenu zitapeleka musujja kwa kila jointi na kila zizi njiani, ndivo ulivyokuja kwenu mara ya kwanza. Daktari alikuja Jumatatu, akachukua damu, sampuli ikaenda maabara Entebbe, akazuia mnyama yeyote kutoka mpaka majibu yarudi. Yaliporudi hayakuwa na musujja. Mizoga tulizika kwa shimo refu bila kupasua wala kula, watu walilia nyama lakini ndivo ilivyokuwa.

Katika wale 11, walioonyesha dalili walikuwa 6, waliokufa 4. Wawili walipona, mmoja akakaa karibu wiki haoni vizuri.

Nilifikiri tumemaliza. Jumatano Nalongo ananiita kuona vitoto. Vina siku 17, vinapaswa kuwa vinarukaruka, lakini vimelala juu ya zege, masikio meupe kama karatasi, ukitazama ubavu unapiga pumzi kama kimekimbizwa. Vilikuwa vimebaki 7. Damu imepungua kwa kukosa madini ya chuma. Hesabu yake ni rahisi ukishaijua: kitoto cha nguruwe kinazaliwa na akiba ya kama miligramu 50, kila siku kinahitaji kama 7, na maziwa ya mama yanakipa 1 hivi. Wiki moja na kidogo akiba imeisha. Kila mwaka majike ya Nalongo yalizaa chini ya mfenesi, vitoto vinachimba udongo, vinaula, na huu udongo wetu mwekundu una chuma ya kutosha. Hakuwahi kuhitaji sindano. Sasa niliviweka juu ya zege safi, nzuri, yenye mteremko, niliyoichora mimi. Sindano ya miligramu 200 siku ya tatu ingetosha na bei yake haifiki hata soda mbili kwa kitoto. Sikumwambia. Sikukumbuka, kwa sababu kwangu mimi kazi ilikuwa banda, na banda lilikuwa limepita.

Hapo kwa ukweli ndipo nilikaa chini kwa lile gogo la nje nikaona kitu kimoja ambacho sasa ndicho naanza nacho kila mahali. Nguruwe wa kamba, na mateso yake yote ya kidonda na funza, kuna kazi alikuwa anajifanyia mwenyewe. Alikunywa kwa kinamasi akitaka. Jua likichoma alijipaka tope, na hilo tope si uchafu, nguruwe hatoki jasho la maana, tope ndo jasho lake. Vitoto vilijitafutia chuma. Kila mmoja alikula kwa nafasi yake sababu kamba ya mwenzake haimfikii. Alinyea upande mmoja akalala upande mwingine. Siku unapomfungia ndani, hizo kazi zote zinahamia kwako. Barua ilimwambia Nalongo ajenge banda, haikumwambia kwamba kuanzia leo wewe ndo kinamasi, wewe ndo mfenesi na wewe ndo udongo. Na mimi niliyesomea pia sikumwambia.

Basi tukaanza upya, na safari hii tulianza na maji. Tulikaa na daftari. Jike anayenyonyesha anataka lita 25, hata 30 siku ya joto. Majike wengine wawili na dume, lita 12 hivi kila mmoja. Wanaokua, tano tano. Ukiwajumlisha wote 15 walioingia bandani, pamoja na wale 11 wanaokua, ingekuwa lita 116, yaani jerikeni 6 kila siku ya Mungu. Nikamuuliza ulikuwa unaleta ngapi? Mbili. Na hizo mbili zote zilikoroga pumba. Kwa hivo hata kabla pampu haijafa, kabla ya mazishi, nguruwe wale walikuwa na kiu tangu siku ya kuhamishwa, na ile niliyoiita kelele ya chakula ilikuwa kelele ya maji.

Jerikeni ya kuletewa na bodaboda kiangazi kile cha Januari hapo kwao ilikuwa shilingi 300. Sita ni 1,800, kwa mwezi 54,000. Nalongo alinyamaza, akahesabu kwa vidole, alafu akasema kitu ambacho mimi na vipimo vyangu vya Ulaya sikukifikiria: "Basi mimi si mtu wa nguruwe 15. Mimi ni mtu wa jerikeni nne." Akakata kundi. Jike mmoja akauzwa majibu ya Entebbe yaliporudi, dume akauzwa pia, maana kulisha dume mwaka mzima kwa majike mawili ni anasa. Hapo nilimkatalia wazo la kuazima dume la jirani, dume linalotembea nyumba kwa nyumba ndo basi la musujja, tukakubaliana watachangia dume moja watu watatu wanaoaminiana na lisitoke nje ya hao watatu. Sio suluhisho safi sana, najua.

Mengine yalikuwa madogo. Mabati yalikuwa chini mno, mchana ukiingiza kichwa unahisi oveni, tukatandaza nyasi nene juu yake na shemeji akapandisha upande mmoja nusu mita, bure, nadhani alikuwa na aibu ya ule usiku. Maranda ya mbao kwa sakafu, kwa fundi seremala wanayatupa. Hori moja likawa mawili, kwa sababu wale wanaokua kila mmoja alikulia kwa kamba yake, hawakujuana, ukiwachanganya wanapigana siku mbili tatu alafu wanyonge hawafikii chakula, nilikuta masikio mawili yamechanika. Chumvi sasa kijiko cha chai, sio kiganja. Beseni la udongo mwekundu uliochimbwa mahali nguruwe hawajawahi kufika linakaa kwa chumba cha vitoto, pamoja na sindano, siamini kimoja peke yake. Na kuhasi: zamani alikuwa anangoja dume dogo lifike miezi miwili alafu wembe na majivu. Sasa tunafanya ndani ya siku saba za kwanza, na dawa ya maumivu kwa wakubwa nikilazimika.

Usafiri nilidhani utakuwa mgumu kuliko vyote lakini ulijimaliza wenyewe. Nguruwe aliyefungwa chali nyuma ya bodaboda, kichwa kinaning'inia karibu na ekzosi, ndo picha ya ukatili inayoonekana kila barabara ya Uganda, na afande wa trafiki akiamua siku hiyo kuitumia ile sheria ya 1957 huna pa kujitetea. Hoja haikuwa afande lakini. Mnunuzi mmoja wa Kampala alikataa waliokuja hivo, nyama ya paja imevilia damu, akakata bei. Sasa wafugaji watatu wanachangia pikapu moja, nyasi chini, wanaondoka alfajiri kabla ya jua, na kibali cha kusafirisha mifugo mfukoni. Wakigawana mafuta wanabaki na faida kuliko boda.

Kitu ambacho bado kinanisumbua ni ile karatasi kwenye plastiki. Bado iko ukutani na haina uongo hata mmoja: vipimo ni sahihi, paa lipo, kamba hazipo. Imesainiwa siku ambayo nguruwe walikuwa tayari na kiu. Afisa hakufanya vibaya, alipima alichotumwa kupima. Nilimwendea Februari nikamwomba aongeze swali moja tu kwa fomu yake, jerikeni ngapi kwa siku na zinatoka wapi, akasema fomu inatoka juu, yeye hawezi kuibadilisha, lakini akaandika kwa kalamu nyuma ya daftari lake.

Mwezi wa nne akarudi kwa Nalongo, ana wafugaji wengine watano wenye barua kama ile na alitaka kuwaonyesha banda la mfano. Mimi nilikuwepo. Akawapeleka mpaka kwa ukuta, akatoa futi yake, na mmoja wao, mzee fulani mwembamba, badala ya kutazama futi anatazama mistari ya makaa iliyochorwa karibu na mlango, minne minne, imejaa kutoka chini mpaka usawa wa bega.

"Mama, hii ni nini? Unahesabu siku za jela?"

"Ni jerikeni, mzee," Nalongo akasema. "Kabla sijaenda popote, hata kanisani, lazima zifike nne. Wewe kwako maji yako wapi?"

Mzee akaangalia chini. Akasema kinamasi chao kilikauka tangu Disemba, na barua yake imebakiza siku 12 za kujenga.